Jenerali yuko bodini, ghalani yuko nani?

Hotuba iliyotolewa Tabora mjini, mbele ya wanajeshi wastaafu, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na watumishi wa halmashauri. Imeandikwa na msemaji mwenyewe, salamu zimepunguzwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, maafande wenzangu mliostaafu, kina mama na kina baba wa ushirika, na ninyi mliopanda treni kutoka Kigoma mkafika na vumbi lenu, mwangaluka!

Itifaki naomba ibaki kama mshereheshaji alivyoiweka. Nikianza kutaja cheo cha kila aliyemo humu, saa ya chakula itatukuta bado tuko kwa makapteni.

Nimepewa mada ya viongozi wa jeshi waliostaafu na kazi za ushauri na kujenga uwezo. Ukiitaja mada hii mtaani, watu hutazama juu. Wanamkumbuka Jenerali Robert Mboma, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, baadaye akawa mwenyekiti wa bodi ya TANESCO, shirika la umeme. Wanamkumbuka Jenerali George Waitara na bodi ya TANAPA, ya hifadhi za taifa, Jenerali Davis Mwamunyange na bodi ya DAWASA, ya maji ya Dar es Salaam, na Jenerali Venance Mabeyo, aliyestaafu 2022, ambaye naye akakabidhiwa bodi ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wenzetu wa Kigoma hawana haja ya kwenda mbali: mkoa wao umewahi kuongozwa na Luteni Kanali mstaafu Issa Machibya, na baadaye Brigedia Jenerali mstaafu Emmanuel Maganga.

Sina ugomvi na teuzi hizo. Aliyeongoza maelfu ya watu ana la kusema mezani, na wapo humu ndani ambao simu ya namna hiyo ikiita leo hawatasubiri chakula. Ila bodi hukaa mara chache kwa mwaka, na mambo yanayotuumiza huku kwetu huharibika kati ya kikao na kikao. Mbolea inachelewa. Lori linalala barabarani kwa kukosa mkanda wa feni. Leja haijajazwa tangu Pasaka. Hakuna jenerali atakayekuja kujaza leja ya chama cha msingi kule Kaliua, na sidhani kama tunataka aje.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: ujuzi wa kijeshi ambao mikoa hii miwili, Tabora na Kigoma, inauhitaji uko kwa watu wa katikati na wa chini. Uko kwa sajinitaji aliyezeekea stoo, kwa afisa mteule aliyefundisha kuruti mpaka sauti ikakauka, kwa kapteni aliyekuwa akipanga safari za malori, kwa koplo wa karakana. Hao nao ni viongozi. Koplo ameshabeba dhamana ya sekseni nzima kabla mhitimu wa chuo hajapewa hata mtu mmoja wa kumtuma chai. Na hao ndio wengi, wanastaafu wangali na nguvu, wanarudi Urambo, Sikonge, Nzega, Kasulu, Kibondo, halafu hakuna anayewauliza kitu.

Au tuseme wanaulizwa kitu kimoja tu: kama wanaweza kulinda. Tumezoea hivyo. Mstaafu akirudi kijijini, kazi ya kwanza anayoitiwa ni geti. Mtu aliyetunza mali ya kikosi kizima, kuanzia soksi mpaka matairi, anaajiriwa kufungua na kufunga mlango wa ghala ambalo ndani yake hakuna anayejua kuna nini. Yeye anajua namna ya kujua, lakini amekatazwa kuvuka kizingiti.

Nitawasimulia nilichokiona kwenye chama kimoja cha msingi cha tumbaku, jina naliacha. Wakaguzi walikuwa wamepita na kuacha maswali, bodi ikaomba nikawasaidie. Mimi jeshini nilikuwa mtu wa mipango na oparesheni, mambo ya stoo nayajua kwa kusaini tu. Nikamwomba sajinitaji mmoja mstaafu tufuatane.

Alipofika mlangoni hakuingia. Alitazama kufuli, akauliza funguo ziko ngapi. Akajibiwa ziko tatu: moja kwa katibu, moja kwa mtunza ghala, na ya tatu ipo. Ipo kwa nani? Ipo tu. Mzee akatoa kidaftari mfukoni, akaiandika hiyo ya tatu kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani, mifuko ya mbolea ya NPK ilikuwa imelazwa kwenye sakafu tupu na kuegemezwa ukutani. Akapiga magoti, akaubonyeza mfuko wa chini kabisa kwa kidole gumba. Mgumu kama tofali. Mbolea ilikuwa imevuta unyevu wa sakafu na wa ukuta, ikagandana. Kwa nyuma kulikuwa na mifuko ya msimu uliopita, mbele yake ya msimu huu, kwa hiyo kila mkulima aliyekuja alipewa mpya, na ya zamani ikaendelea kuzeeka gizani. Kisha akaomba leja. Kurasa za miezi minne zilikuwa na wino mmoja na mwandiko mmoja, mkono haujachoka hata mstari mmoja. Naona mliokaa stoo mmeshaanza kucheka. Mnajua ile leja iliandikwa usiku mmoja, mkaguzi akiwa njiani.

Sasa angalieni alichofanya, maana ushauri wenyewe uko hapo. Hakumkaripia kijana wa ghala, wala hakuomba meza ya kuandikia ripoti. Alimwomba mwenyekiti wa chama avue koti, wakahesabu pamoja: kijana anahesabu kwa sauti, mwenyekiti anaandika, katibu anashuhudia. Mifuko ikapandishwa juu ya mbao, ikaachiwa nafasi ya mtu kupita ubavu kati yake na ukuta. Ya zamani ikaletwa mlangoni. Kila rundo likafungiwa kadi yake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi ya anayetoa na sahihi ya anayepokea. Kufuli zikawa mbili, kila moja na mwenye nayo, ghala halifunguki mmoja asipokuwepo. Na mwenyekiti akapewa kazi ambayo hakuifurahia: kila wiki, siku yoyote asiyoitangaza, achague rundo moja tu, alihesabu, alinganishe na kadi.

Hapakuwa na kompyuta, hapakuwa na mfadhili. Mbao zilitoka kwenye masalia ya bani la kukaushia tumbaku lililobomolewa. Na yule kijana, ambaye nusu ya wajumbe walikuwa wameshamhukumu kuwa mwizi, ikajulikana kwamba tangu aajiriwe hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kumwonyesha leja inajazwaje. Aliitwa mtunza ghala kwa sababu alikabidhiwa ufunguo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi hapo nimeona kujenga uwezo. Nasema hivyo kwa sababu maneno haya mawili yamechakaa. Siku hizi kujenga uwezo ni ukumbi, bango, chupa ya maji, fulana na posho. Mtu anahudhuria warsha tatu za utunzaji wa kumbukumbu, anarudi kijijini na vyeti vitatu, ghala liko vilevile. Jeshini somo la stoo linafundishiwa stoo. Unaonyeshwa, unafanya ukiangaliwa, unafanya peke yako, unakaguliwa. Ukikosea unarudia mbele ya wenzako mpaka mkono uzoee. Hakuna siri nyingine, na afisa mteule yeyote wa mafunzo aliyemo humu anaweza kuyafanya hayo akiwa na chaki tu.

Upande wetu maofisa nako kuna mali imelala. Nitaje moja. Jeshini hatupangi kuanzia leo kwenda mbele. Tunaanza na saa ya shambulio, halafu tunarudi nyuma: ili tuvuke mstari alfajiri, lazima tuwe tumefika eneo la kujipanga saa fulani, kwa hiyo magari yaondoke saa fulani, kwa hiyo mafuta yawe yamejazwa jana, kwa hiyo amri ya mafuta itoke juzi. Sasa weka tumbaku hapo. Saa ya shambulio ni mvua za Novemba, miche inapotoka kitaluni kwenda shambani. Ili mkulima awe na mbolea mkononi wakati huo, mifuko iwe imefika kijijini Oktoba, barabara za porini zikiwa bado zinapitika. Ili ifike Oktoba, malori yawe yameshakodiwa, na kabla ya malori kuna reli, kabla ya reli kuna bandari ya Dar es Salaam, kabla ya bandari kuna meli, kwa maana mbolea yetu nyingi inatoka nje. Ukirudi nyuma hivyo kwa uaminifu, unajikuta idadi ya mifuko ilitakiwa ifungwe wakati wakulima bado wanauza tumbaku ya msimu uliotangulia. Lakini mkutano wa kupitisha makisio tunauitisha lini? Nawaachia viongozi wa vyama mjibu kimoyomoyo.

La pili kwa maofisa ni theluthi. Kamanda aliyefundishwa vizuri akipewa saa tisa za kujiandaa, anatumia tatu, sita anawaachia walio chini yake, kwa sababu na wao wana watu wa kuwapanga. Uraiani tumeigeuza. Barua inakaa mkoani, inalala wilayani, inamfikia mtendaji wa kijiji Ijumaa jioni ikiwa na muhuri wa haraka sana, na taarifa inatakiwa Jumatatu asubuhi. Mtendaji afanye nini? Anabuni takwimu. Kisha tunakuja kumshangaa kwa takwimu zake. Meja mstaafu aliyekaa ofisi ya mipango ya kikosi, akiwekwa halmashauri kwa msimu mmoja kufuatilia safari za barua tu, angeokoa mengi. Siyo kazi ya kuandikwa gazetini, najua.

Sasa niingie kwenye ugumu, na hapa nasema na maafande wenzangu. Uraiani hakuna "ndiyo afande". Mjumbe wa chama cha msingi amekuchagua au hajakuchagua, anaweza kukusikiliza mpaka mwisho, akakushukuru, akaenda kufanya vilevile alivyokuwa akifanya. Hana kosa la kijeshi. Wako wenzetu walioshindwa kazi za ushauri ndani ya mwezi mmoja, na wengi walikuwa na akili nzuri kuliko waliofanikiwa. Walifika wakaanza kupanga watu mistari.

Kwa jambo hili mfano wetu uko hapahapa nyumbani. Brigedia Jenerali Hashim Mbita alizaliwa Tabora, 1933. Alianzia uandishi wa habari, akafanya kazi na Mwalimu Nyerere, akawa Katibu Mtendaji wa TANU, na katikati ya hayo akawa ofisa wa jeshi. Mwaka 1972 akawa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, yenye makao Dar es Salaam, akaishika mpaka kamati ilipomaliza kazi 1994. Hebu fikirini ile ofisi. Kuna vyama vya ukombozi: FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia. Kuna ZANU na ZAPU, wote wanataka Zimbabwe huru na hawaelewani. Kuna ANC na PAC za Afrika Kusini, vivyo hivyo. Kuna nchi wanachama zinazopaswa kuchangia. Kuna makambi kama Kongwa na Nachingwea, vijana wamejaa, wanataka kula na wanataka silaha. Na katika wote hao hakuna hata mmoja ambaye Mbita aliweza kumwambia geuka kulia akageuka. Viongozi wa vyama vile hawakuwa chini yake. Marais waliochangia hawakuwa chini yake. Cheo chake kilimpa heshima ya kufunguliwa mlango, na baada ya mlango ilibidi asikilize, ashawishi, asubiri, arudi tena. Miaka 22.

Alipomaliza hakwenda kulala. Aliwahi kuwa balozi wetu Zimbabwe, nchi ambayo aliisaidia kuzaliwa. Na uzeeni SADC ikaanzisha mradi uliobeba jina lake, wa kukusanya historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika: wazee wakahojiwa nchi kwa nchi, nyaraka zikakusanywa, zikatoka juzuu 9 mwaka 2014. Aliaga dunia Aprili 2015. Mimi binafsi naiona ile kazi ya mwisho kuwa ndiyo ushauri mkubwa kuliko wote: watu wanaojua mambo walikaa chini wakayasema, yakaandikwa kabla hawajaondoka nayo. Kuna mafundi mitambo wastaafu wa kambi ya Milambo na vikosi vingine ambao wakifa kesho, ujuzi wa injini fulani unakwenda nao kaburini, kwa sababu hakuna aliyewapelekea kijana na daftari.

Kenya nao wana mtu wa aina hiyo. Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo alisimamia mazungumzo ya Sudan. Itifaki ya Machakos ilisainiwa Julai 2002, mkataba kamili ukasainiwa Nairobi Januari 2005. Amani ile ilipata mitihani yake baadaye, mnajua, lakini kuwakalisha mezani watu waliopigana miaka zaidi ya ishirini haikuwa kazi ya kupiga saluti.

Basi tunafanyaje ili watu wasiolazimika kututii watufuate? Iko zana moja ambayo wengi wenu mmeitumia bila kuipa uzito: kikao cha tathmini baada ya zoezi. Jeshi la Marekani lililirasimisha jambo hili miaka ya 1970, na leo majeshi mengi yanalifanya, hospitali na zimamoto pia. Zoezi likiisha, kabla watu hawajaoga, mnakaa chini. Tulikusudia nini? Kimetokea nini? Kwa nini kimetofautiana? Safari ijayo tubadilishe nini? Humo ndani vyeo vinawekwa kando kwa muda. Anayeongoza kikao haulizi nani mkosaji.

Nimelijaribu kwenye vyama, baada ya msimu wa masoko. Mara ya kwanza huwa ni kimya, kila mtu anamwangalia mwenyekiti. Dawa yake nimeiona ni kumfanya mwenyekiti aongee wa mwisho. Anayeanza ni mpakiaji wa marobota, anafuata mwandishi wa mizani, kisha dereva, ndipo katibu. Kwenye chama kimoja mpakiaji alisema jambo ambalo bodi ililitafuta msimu mzima: marobota yaliyokaa upande wa mlango yalinyeshewa kwa sababu turubai lilipelekwa kufunika jukwaa la mgeni rasmi. Ukumbi mzima ukatazamana. Hakuna mshauri kutoka Dar angeligundua lile. Wala mimi nisingeligundua. Kazi yangu ilikuwa kumzuia mwenyekiti asimkatize.

Kwa wenzangu wa Kigoma, nyongeza fupi. Ninyi mna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, mmepokea wakimbizi Nduta, mna ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo. Miongoni mwenu wapo waliovaa kofia ya bluu, waliokuwa kwenye ile Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na waasi kule Kongo, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa mwaka 2013, na waliokwenda Darfur wakati Luteni Jenerali Paul Mella akiwa kamanda wa kikosi kule. Mashirika ya misaada yanahitaji watu wanaojua kupanga msafara wa malori, kugawa chakula kwa umati bila mtu kukanyagwa, kuweka mawasiliano mahali pasipo na mtandao. Mnayajua. Ila kumbukeni mkimbizi anayekupokea huenda alikimbia kwao akifukuzwa na mtu mwenye buti na sauti kama yako. Vaa ndala ukibidi. Ongea taratibu. Mwanamke aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri hahitaji kamanda, anahitaji foleni isogee.

Niwakumbushe pia kwamba jeshi letu lenyewe limeshauriwa. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, kwanza Dar es Salaam, na hapa Tabora kambi ikafuata. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Mwaka 1965 wakaja washauri kutoka Kanada kwa mkataba wa miaka mitano. Wakiwa hapa ikapatikana Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, na chuo cha maofisa ambacho leo kiko Monduli kikaanzishwa 1969. Mwaka 1970 wakafungasha wakaenda kwao. Walikuwa na siku ya kuja na siku ya kuondoka, na waliofundishwa nao walijua siku hiyo. Nawaomba viongozi wa vyama na halmashauri: mkimwajiri mstaafu kuwa mshauri, andikeni kwenye mkataba siku ya mwisho, na mwandikeni jina kijana atakayebaki na kazi hiyo. Mshauri ambaye kila mwaka anahitajika upya kwa jambo lilelile, mlipeni kama mwajiriwa na mumwite hivyo.

Kuna mitego mitatu, nitaipitia haraka, isipokuwa wa kwanza.

Wa kwanza ni kula meza mbili. Marekani, ambako biashara hii ya majenerali washauri ni kubwa kuliko popote, walifika mahali wastaafu wa vyeo vya juu wanalipwa na jeshi kuwa walezi wa maofisa walioko kazini, huku wanalipwa pia na makampuni yanayoliuzia jeshi hilohilo silaha. Mwaka 2010 Waziri wa Ulinzi Robert Gates akaagiza walezi hao waingie kwenye ajira ya serikali na kufuata kanuni za maadili kama watumishi wengine. Baadaye ikaja sheria: jenerali na luteni jenerali wakistaafu, kwa miaka miwili hawaruhusiwi kwenda kushawishi Wizara ya Ulinzi kwa niaba ya kampuni, brigedia na meja jenerali mwaka mmoja. Sisi huku mizani yetu ni midogo, lakini ugonjwa ni uleule. Ukiwa unakishauri chama namna ya kuchagua msafirishaji, na shemeji yako ana malori, sema siku ya kwanza, kwa maandishi, kisha ondoka chumbani wakati wa kuchagua. Usisubiri waulize. Watajua tu, Tabora ni ndogo.

Wa pili ni ajira za nje zenye jina la ushauri. Afrika tumeziona. Executive Outcomes ya Afrika Kusini ilijaa wanajeshi wa zamani, ikapigana Angola na Sierra Leone kwa malipo, na mwaka 1998 Afrika Kusini ikatunga sheria ya kudhibiti biashara hiyo. OAU ilishapitisha mkataba dhidi ya umamluki tangu 1977. Mtu akikwambia tiketi imelipwa, mshahara ni wa dola, na mkataba utausoma ukifika, huyo hatafuti mshauri. Vijana wetu waliostaafu mapema ndio wanaowindwa zaidi. Tuwaambie.

Wa tatu ni siri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haisemi kwamba kiapo kinaisha na pensheni. Fundisha kupanga, fundisha kuhesabu, fundisha kuongoza. Mambo ya kambi, idadi, silaha na mahali zilipo, yaache huko, hata kama mteja ni rafiki na chai ni tamu.

Kuhusu malipo, maana najua ndicho baadhi yenu mlichokifuata, nami siwalaumu; kiinua mgongo hakikai. Msifanye kazi kwa posho ya kikao. Ombeni hadidu za rejea, hata za ukurasa mmoja: kazi ni nini, inaanza lini, inaisha lini, kitakachoonekana mwisho ni kitu gani. Pateni namba ya mlipakodi. Ada ya ushauri inakatwa kodi ya zuio asilimia 5, msije mkadhani mhasibu amewaibia. Kazi za taasisi za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kwa hiyo asiyejisajili haonekani, hata awe na medali mpaka tumboni. Na sheria ya ununuzi imetenga sehemu kwa makundi maalumu, wakiwemo wazee. Maofisa ununuzi wako hapa, wabaneni wakati wa chai wawaeleze kikundi cha wastaafu kinasajiliwaje. Mnaweza kuwa na kikundi kimoja chenye mtu wa stoo, mtu wa magari, mtu wa mafunzo na mtu wa hesabu. Kikundi hicho kikizunguka vyama vya msingi vya wilaya moja kwa msimu mmoja, mimi nitakuwa tayari kukisindikiza bila ada.

Pale mlangoni kuna daftari mbili. La kijani ni la wastaafu. Andika jina, kijiji unakoishi, na kazi uliyokuwa ukiifanya kwa mikono yako: stoo, karakana, mawasiliano, mafunzo, tiba, hesabu, jiko la kikosi. Safu ya cheo sikuiweka, na nimeshalalamikiwa asubuhi hii. Daftari jekundu ni la vyama na halmashauri. Andikeni tatizo moja tu linalowasumbua msimu huu, kwa maneno ya kawaida. Wiki ijayo tutakaa na sekretarieti kuyaoanisha, na chama kitakachokuwa tayari kuanza na ghala kitatangulia, kwa sababu mvua hazitusubiri.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeacha muda wa maswali. Waanze wa vyama vya msingi. Sisi maafande tusubiri zamu.